Mafuta Yatoe Ushahidi Kwanza: Mazungumzo na Wenye Matrekta Makuukuu ya Petroli



Leo tunazungumza na kundi dogo ambalo mara nyingi husahauliwa, nalo ni la wenye matrekta makuukuu yanayotumia petroli. Matrekta mengi ya siku hizi ni ya dizeli. Hata hivyo, bado zipo mashine za zamani kama Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, kwa idadi iliyozidi 500,000. Tangi la trekta hilo liko juu ya injini, kwa hiyo mafuta hushuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Mwenye pampu ya maji au jenereta ndogo ya petroli naye atafaidika, kwa kuwa kanuni ni zilezile.

Trekta likigoma wakati mvua zimekwisha kuanza, mwenye shamba hana nafasi ya kusubiri. Katika haraka hiyo hununua kabureta mpya asiyoihitaji, humlipa fundi kwa kazi isiyo ya lazima, au humlaumu muuza mafuta pasipo ushahidi. Ombi letu ni moja: kabla ya kutoa fedha au lawama, fuateni mafuta hatua kwa hatua kutoka tangini hadi kwenye kabureta.

Tuanze na usalama. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata penye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuufikia moto ulio mbali. Fanyeni kazi nje, injini ikiwa imepoa, pasiwe na sigara wala jiko karibu. Watoto wasisogee.

Hatua ya kwanza ni kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu likiziba kwa vumbi, mafuta hushindwa kushuka. Trekta huwaka vizuri, hulima kwa dakika chache, kisha huzima. Likizima, legezeni kifuniko na mliwashe tena. Likiendelea kufanya kazi bila taabu, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni kusafisha tundu.

Hatua ya pili ni mtiririko. Fungeni koki, chomoeni mpira wa mafuta mahali unapoingia kwenye kabureta, kingeni chupa angavu na safi, kisha fungueni koki. Mafuta yanapaswa kutiririka mfululizo. Yakitoka kwa nguvu kisha yakafifia, huenda kuna kutu au takataka inayoziba mdomo wa tangi, koki au chujio. Safisheni hivyo kabla ya kuigusa kabureta.

Hatua ya tatu ni kuiachia chupa ile itulie, mahali salama, kwa muda wa kama robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatakaa chini na kuonekana kama tabaka lililojitenga. Kutu nayo itatua chini. Petroli iliyokaa miezi mingi hubadilika harufu na rangi, nayo huacha utando unaonata ndani ya kabureta. Kwa sababu hiyo hatuwashauri kununua leo petroli ya msimu ujao.

Hatua ya nne ndiyo kabureta yenyewe. Ikiwa mafuta yanamwagika nje, boya limetoboka au sindano inayofunga mafuta haifungi sawasawa. Litoeni boya na mlitikise karibu na sikio. Mkisikia mafuta ndani yake, limetoboka. Ikiwa injini inapiga chafya kupitia kabureta na hupata nafuu mnapovuta choki, mafuta yanayofika ni machache kuliko hewa: huenda jeti imeziba au hewa inapenya mahali pasipostahili. Ikiwa moshi ni mweusi na plagi imejaa masizi, mafuta yamezidi hewa. Kagueni choki na kisafisha hewa. Jeti isafishwe kwa kupulizwa. Msiichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika.

Ikiwa mtiririko ni mzuri, chupa ni safi na kabureta haina kasoro, yaacheni mafuta. Kagueni plagi na mfumo wa umeme.

Sasa tuje kwenye haki zenu. Kuona maji katika chupa hakuthibitishi kwamba kituo kimewauzia maji. Tangi lililokaa nusu tupu hukusanya unyevu, na dumu lililoachwa wazi huingiza mvua. Njia ya haki ni kulinganisha. Mnaponunua, wekeni kando sampuli ndogo ya mafuta yaleyale kabla hayajaingia tangini, katika chombo safi kinachofaa kubebea petroli na kinachofungwa vizuri. Daini risiti na kuitunza. Andikeni tarehe, saa, kituo na idadi ya lita.

Yapo pia mafuta yaliyochakachuliwa kwa kuchanganywa na mafuta ya taa. Mchanganyiko huo hauvukizwi vizuri injini ikiwa baridi, kwa hiyo kuwasha huwa kugumu, plagi huchafuka, na mafuta yasiyoungua huteremka na kuipunguza nguvu oili ya injini. Asitokee mtu wa kuwaambia kwamba trekta la zamani hukubali chochote. Lilikuwapo toleo la TE20 lililoundwa kuwashwa kwa petroli na kisha kutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa injini ikishapata joto. Injini ya petroli haikuundwa hivyo.

Mchanganyiko huu hautambuliki kwa macho, na pua hudanganya. Hapa Tanzania, tangu 2010, mafuta yamekuwa yakiwekwa vinasaba ili wakaguzi wayapime vituoni. Chupa yenu haichukui nafasi ya kipimo hicho, bali inampa mkaguzi mahali pa kuanzia.

Mkiwa na shaka yenye msingi, acheni kutumia mafuta hayo. Pelekeni malalamiko kwa mwenye kituo kwa maandishi, mkiambatisha nakala ya risiti. Asipowajibu, au jibu lisiporidhisha, leteni shauri kwa Mamlaka mapema, wakati mafuta ya shehena ileile yangali kituoni. Malalamiko ya baada ya miezi mitatu hutukuta na kisima kilichokwisha kujazwa upya mara kadhaa.