Katiba ya Bara Hindi na Haki ya Karani



Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo, na daftari ya haki za nchi ndiyo katiba.

Tutazame Bara Hindi. Baraza la kutunga katiba lilikutana mara ya kwanza huko Delhi tarehe 9 Desemba 1946, Waingereza wakiwa wangali wakitawala. Uhuru ulipopatikana mwaka 1947, baraza liliteua kamati ya watu 7 kuandika rasimu, mkuu wao akiwa Dr. B. R. Ambedkar. Bwana huyu alizaliwa katika tabaka la watu waliohesabiwa kuwa najisi. Alipokuwa mtoto shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Katiba ilikubaliwa tarehe 26 Novemba 1949, ikaanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, nayo ilikuwa na ibara 395. Ibara ya 17 iliifuta desturi ile ya unajisi.

Muundo wake ni huu: Rais ni mkuu wa nchi; mawaziri hujibu mbele ya baraza lililochaguliwa na watu; kila jimbo lina serikali yake; na mahakama ya juu kabisa yaweza kutangua sheria inayopingana na katiba.

Lakini sisi makarani yatupasa kusoma hasa ibara mbili. Ya 310 yasema mtumishi hukaa kazini kwa ridhaa ya Rais, au ya Gavana akiwa mtumishi wa jimbo. Lau ingeishia hapo, karani angekuwa jani mbele ya upepo. Ila ya 311 yaongeza: asifukuzwe na afisa aliye chini ya yule aliyemwajiri, wala asifukuzwe kabla ya kuelezwa mashtaka yake na kupewa nafasi ya kujitetea. Yametengwa mambo machache tu, kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa jinai.

Kinga hiyo ilikuwamo tayari katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1935. Wahindi hawakuitupa kwa sababu ya asili yake. Waliipima, wakaiona ni ya haki, wakaitia katika katiba yao.

Basi, ndugu zetu, barua ya kufukuzwa isimkute mmoja wetu hajui kanuni zinazomlinda. Tuzisome leo, tungali kazini.