Gari la Mbio, Mzigo wa Nyumbani

Majuzi rafiki yangu alinichukua hadi yadi ya magari nikamwonee gari jipya: stesheni wagoni dogo, la mwendo wa kasi. "Mwaka 1997," akaniambia, "Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza. Na hili ni ndugu yake."

Ni kweli, McRae alishinda. Lakini gari lake liliinuliwa, likakazwa chini, na mafundi walimngoja njiani. Wewe utangojwa na nani, isipokuwa benki?

Nilimshauri mambo matatu. Kwanza, arudi na mama watoto, watoto na gunia la mahindi, aone kama mlango wa nyuma utafungika; paa lililoinama hula nafasi. Pili, wote wakishaketi, ainame atazame tumbo la gari liko juu kiasi gani, akikumbuka matuta ya mtaani kwake. Tatu, aulize bei ya tairi moja. Tairi yenye ubavu mwembamba huumia upesi mashimoni.

Bado anafikiri. Heri afikiri kabla ya kutia sahihi. Mbio za Safari huisha kwa siku chache, msikilizaji. Mkopo huisha kwa miaka.

Kwaheri.