Mgonjwa Aulizwe Angali na Sauti



Ndugu wapendwa, Injili ya Dominika hii ya Tatu ya Pasaka yatupeleka ufukoni, mahali tunapopajua sana sisi watu wa ziwa. Mitume wametoka kuvua, makaa yanawaka, samaki wapo juu yake. Baada ya kula, Bwana anamwambia Petro jambo zito: akizeeka, atanyosha mikono yake, na mtu mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mwinjili aeleza kwamba habari hiyo ilihusu kifo cha Petro. Lakini ni nani kati yetu asiyeiona pia vitandani pa wagonjwa wetu?

Hapa Kigoma tumeiona. Mzee amelazwa Maweni, hasemi tena. Madaktari wanashauri rufaa, Bugando au Dar es Salaam. Mtoto mkubwa ataka apelekwe, hata ikibidi kuuza mtumbwi, injini na nyavu za dagaa. Binti aliyemwuguza anashikilia kwamba baba alitaka kufia nyumbani, Ujiji. Shahidi hakuna. Mtumbwi unauzwa, mzee anafia njiani, na wale ndugu hawapeani mkono wa amani hata katika Misa. Huo ni msiba wa pili, nasi twaona wakati mwingine ni mzito kuliko wa kwanza.

Wala kuandika peke yake hakutoshi. Livingstone, ambaye Stanley alimkuta hapo Ujiji mwaka 1871, alikuwa ameandika mwaka 1868 katika daftari lake la safari kwamba angependa kaburi la msituni, mifupa yake isisumbuliwe. Alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo. Alizikwa London mwezi Aprili 1874. Walitenda kwa upendo mkubwa, nani awalaumu? Lakini neno lile la daftarini lilichapwa kitabuni mwishoni mwa mwaka huo, mwenyewe akiwa ameshazikwa mbali na msitu wowote.

Wengine huuliza: je, kukataa matibabu si kujiua? Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957, na Kanisa likafafanua tena mwaka 1980. Twawajibika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai. Njia zilizo mzigo kupita kiasi, na zisizo na tumaini la kumfaa mgonjwa, aweza kuzikataa kwa dhamiri safi. Kumwua mgonjwa, hata kwa kisingizio cha huruma, ni dhambi daima. Uji na maji, madhali mwili wavipokea, kuoshwa, na dawa ya kutuliza maumivu, asinyimwe.

Basi semeni mngali wazima. Mchague mtu mmoja wa kuwasemea; si lazima awe mkubwa, awe mkweli. Msiandike tu "msinihangaishe", maana kila mtu atalifasiri neno hilo apendavyo. Elezeni: rufaa ya mbali, upasuaji, mashine ya kupumulia, na Padre wa Mpako wa Wagonjwa aitwe lini. Daktari aonyeshwe karatasi hiyo. Mtu akibadili nia, ibadilishwe. Wala watoto wachoyo wasimlazimishe mzee kuandika ili kuokoa ng'ombe zao!

Nanyi makatekista, asiyejua kusoma mwandikieni kwa Kiswahili au Kiha, maneno yake na si yenu. Msomeeni mara mbili mbele ya jamaa wa pande zote mbili, kisha aweke dole gumba.