Bei ya Kitu Kisichokuwepo
Mhadhara wa umma, Chanika, Dar es Salaam

 

Nimechelewa dakika 40, na kuchelewa huko ni sehemu ya mhadhara. Daladala niliyopanda mjini imeandikwa Chanika. Tulipofika Gongo la Mboto konda akapiga bodi: "Mwisho wa gari, inageuza!" Tukashuka tukinung'unika, tukapanda nyingine, tukalipa upya. Nauli iliyopangwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, haijaongezeka hata senti. Mimi nimelipa mara mbili. Sasa nauli ya Chanika imepanda au haijapanda?

Waliokula chumvi nyingi wanalijua swali hili. Mwaka 1979 tulitoka vitani na Idi Amin, na huku mapinduzi ya Iran yamepaisha bei ya mafuta duniani. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Tuliifunga kwa miaka. Katika duka la RTC, kampuni ya biashara ya serikali, bei ya sukari ilibandikwa ukutani, na ilisomeka vizuri maana rafuni hapakuwa na kitu cha kuiziba. Mama alinituma alfajiri nikaweke jiwe kwenye foleni, jiwe letu lenye doa jeupe, nisije nikalichanganya na la jirani. Jioni sukari tuliipata uchochoroni kwa mlanguzi, kwa bei isiyobandikwa popote. Ile ya ukutani haikuwa uongo. Ilikuwa bei ya kitu kisichokuwepo. Watafiti Maliyamkono na Bagachwa, katika kitabu chao cha 1990 kuhusu uchumi wa pili, yaani usio rasmi, wa Tanzania, walikuwa wanaifuata sukari ile ile uchochoroni.

Swali hilo lilirudi Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022: haikuchukua muda petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Agosti bei ikafika 3,410. Kisha Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ikatoa wastani wa mfumuko wa bei wa mwaka mzima: asilimia 4.3. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa naijua hesabu yenyewe. Katika kapu la taifa la bidhaa na huduma zinazopimwa bei, chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2 tu. Mama ntilie wa hapa stendi, ambaye fedha yake karibu yote inaishia kwenye unga, mafuta ya kula, mkaa na nauli, ana kapu lake. Namba ya NBS inaweza kuwa sahihi kabisa na isimhusu.

Kinachoninyima usingizi ni ile bei ya ukutani. Mwaka 2023 EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, iliendelea kutangaza bei kikomo kila mwezi, lakini kuna vituo vilivyofunga pampu, na vingine mamlaka hiyo ikavifungia kwa kuficha mafuta. Anayenunua petroli ya chupa ya maji kando ya barabara halipi bei ya kwenye kibao cha kituo. Nani anaiandika ile ya chupa?

Na ukiiandika wewe? Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, na kusambaza takwimu zinazopotosha zile rasmi kukawa jinai yenye kifungo. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Juni 2019 makali hayo yakaondolewa. Nakumbuka mwenzangu mmoja wakati ule alikataa kutaja bei ya nyanya darasani, nusu utani, nusu kweli. Sheria ile iliwaumiza kwanza watakwimu wenyewe: namba isiyoruhusiwa kubishiwa ikaanza kunukia mashaka hata pale ilipokuwa safi.

Basi nimewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi. Kuanzia Jumatatu watakaa Gongo la Mboto, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, wahesabu magari yanayokatisha ruti na abiria wanaolipa mara ya pili. Daftari likijaa tutalipeleka NBS kwa heshima zote. Makonda wakiwauliza wanatafuta nini hapo, waseme wanasubiri gari la Chanika.