WATOTO WETU WASIKOSE SHULE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la wachuma chai, Kericho)

Mkutano uliopita tulisema habari za mshahara. Leo twataka kusema habari za watoto wetu, lakini mtaona kwamba habari hizi mbili ni za nyumba moja.

Kwanza tuhesabu. Mtoto akikosa shule siku moja kila juma, wengi wetu husema, "Siku moja si kitu." Juma la shule lina siku tano. Siku moja katika kila tano, kwa muda wa miaka mitano, ni mwaka mzima wa masomo. Mtoto huyo ataingia Gredi ya 6 pamoja na wenzake, lakini ana mwaka mmoja pungufu. Hesabu ya kugawanya ilifundishwa Jumatano, yeye alikuwa nyumbani. Alhamisi mwalimu ameendelea mbele. Mtoto haelewi, aona haya, asema tumbo linamuuma. Ndipo siku moja huwa mbili, na mbili huwa kuacha kabisa.

Zamani kizuizi kikubwa kilikuwa karo. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi Januari 2003, watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2 mwaka 2003. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret. Basi Wakenya hawakuwa wakiikataa shule; mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hivyo, mtoto akiwa ameandikishwa na bado haonekani darasani, haifai kukimbilia kusema kwamba mzazi wake ni mvivu. Yafaa tuulize ni mlango gani mwingine uliofungwa.

Sisi wa halmashauri tulikosa katika jambo hili, na twakiri mbele yenu. Mama mmoja wa laini zetu alikuwa na binti wa Gredi ya 5 aliyekosa shule mara kwa mara, hasa wakati wa mvua. Tulimwita mama huyo, tukamkemea, tukamtisha kwa faini. Alinyamaza mpaka tukamaliza, kisha akasema: "Wazee wangu, mvua ikinyesha majani huwa mengi, na mimi nalipwa kwa kilo. Nikikaa nyumbani na mtoto mchanga, hatuli. Nikimchukua shambani, nitamlaza wapi, matopeni chini ya michai? Niambieni ninyi nimwachie nani."

Hakuna aliyemjibu. Sote tulitazama chini.

Juma lililofuata tulipita nyumba kwa nyumba, tukakuta kwamba hakuwa peke yake. Mama mzee mmoja, aliyekwisha kuacha kazi ya kuchuma, alikubali kukaa na watoto wachanga. Kila mama humpa shilingi chache kwa siku, na kwa zamu humtekea maji na kumletea kuni. Binti yule alirudi darasani. Faini haikumrudisha, alirudi kwa sababu mdogo wake alipata mahali pa kukaa.

Lakini tusidanganyane. Chumba kile ni kidogo, na mama yule ni mzee. Ndiyo sababu twataka nyumba ya kulelea watoto iandikwe katika madai tutakayopeleka kwa mwajiri. Kilo za mama zikiongezeka kwa sababu binti amefanywa yaya, basi binti yule anafanya kazi bila mshahara.

Sheria nayo tuijue pande zote mbili. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na ni ya lazima. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mzazi asiyempeleka mtoto shule aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Lakini sheria hiyo hiyo yasema mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu ya kutolipa michango, na mtoto akikosa, mwalimu mkuu achunguze sababu yake. Tena, tangu 2017 sheria yaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bure. Kama binti yako hukosa siku zile kila mwezi, nenda ukaulize shuleni bila haya, na kama hazijafika, tuambie.

Basi twawaomba mambo manne:

1. Mtoto akikosa, mpelekee mwalimu habari siku ile ile.

2. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, usimfiche ndani. Mlete mjumbe wa laini yako, mwende shuleni pamoja.

3. Akina baba, ulezi si wa mama na binti tu. Ukitoka zamu mapema, shika mtoto, ili dada yake ashike kitabu.

4. Ukiona mtoto wa jirani nyumbani asubuhi, usimseme vibaya. Bisha hodi, uulize kuna nini.

Mizani ya majani hupima kazi ya leo tu. Kazi ya mtoto darasani haionekani leo, na ndiyo sababu ni rahisi kuikata. Tusiikate. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mama mmoja peke yake hawezi kushika kikapu, mtoto mchanga na shule kwa mikono miwili. Ndiyo maana tuna chama.

Kesho ni Jumatatu: kila mtoto awe njiani mapema.