Kiwavi Hapigwi Picha kwa Pupa

Ndugu wasikilizaji, siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Harusi hupigwa picha, kipaimara hupigwa picha, hata sahani ya sato hailiwi kabla haijapigwa picha. Lakini mwambie mtu huyo huyo apige picha ya kiwavi aliyejificha kwenye moyo wa mmea wa mahindi. Hapo ndipo atakapojua kwamba bado ni mwanafunzi.

Nalisema hili kwa sababu linagusa matumbo yetu. Wapo watu wanaolala Mwanza mjini na kulima Kisesa. Jumamosi wanakuta majani yametobolewa, wanapiga picha haraka haraka na kumtumia bwana shamba. Naye anaona nini? Anaona ukijani na kivuli cha kidole. Basi anakisia, na mkulima anakwenda dukani kununua dawa ya kukisia.

Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika, waligunduliwa Afrika. Kufikia mwaka 2017 walikwisha ingia Tanzania. Hawa si viwavijeshi wetu wa zamani, wala si funza wa mabua. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa kama sentimita 3 hadi 4. Usoni ana mistari iliyokaa kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Alama hizo haziwezi kuonekana katika picha iliyopigwa kwa pupa.

Je, anayeanza kupiga picha za karibu hukosea wapi? Kwanza, hudhani kwamba kusogea zaidi ndiko kuona zaidi. Simu ina mpaka wake. Ukiupita, kila kitu huwa ukungu. Rudi nyuma kidogo mpaka mdudu aonekane wazi, kisha kata picha ibaki sehemu unayoitaka. Pili, mkono hutetemeka, na kwa karibu mtetemo nao hukuzwa pamoja na mdudu. Egemeza kiwiko gotini, bana pumzi, shika jani lisiyumbishwe na upepo wa ziwa.

Tatu, ukiwa karibu sana, simu huona vizuri sehemu nyembamba tu. Kichwa kikiwa safi, mkia hupotea. Kwa hiyo piga kichwa peke yake, mkia peke yake, halafu mmea mzima. Nne, jua la saa saba hung'arisha mgongo wa mdudu hata madoa yakafifia. Nenda asubuhi mwanga ukiwa laini. Tena mchana kiwavi huyu hupenda kujificha. Weka na sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane.

Ipo hata programu ya simu iitwayo Nuru, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na watafiti wa IITA. Huitazama picha ya jani la muhogo au la mahindi na kueleza dalili iliyoiona. Ni msaada mkubwa, lakini ukiipa ukungu, nayo itakujibu kwa ukungu.

Wapita njia watakucheka wakikuona umepiga magoti mbele ya hindi. Waache wacheke. Anayecheka leo ndiye atakayekuja kuuliza kesho.

Nanyi mabwana na mabibi shamba, jibuni. Picha iliyo safi ikikaa wiki tatu bila jibu, kiwavi atakuwa amekwisha shiba na kuzama ardhini ageuke nondo, na mkulima amebaki na majani yenye matundu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Ndugu wasikilizaji, kabla ya kufungua pochi kununua dawa, mtazameni kwanza adui usoni.