Mti wa Segese ni wa Nani?



Mtu atokaye Kahama mjini kuelekea Bulyanhulu hupita Segese. Wakati wa kiangazi jambo la kwanza limpokealo ni vumbi: vumbi la barabara, vumbi la mawe ya dhahabu yanayosagwa kwa makarasha, na vumbi la viwanja vilivyofyekwa vikaachwa vitupu. Jambo la pili, akiwa na macho ya kutazama, ataona kwamba watu hujikusanya penye mti. Chini ya mwembe mmoja au mwarobaini mmoja huwapo fundi baiskeli, mama lishe, vijana wa bodaboda na mzee aliyekuja kumngoja mgonjwa wake. Wote hao hubanana katika kivuli ambacho mara nyingi kiliandaliwa na mtu asiyekuwapo tena.

Basi yafaa kuuliza: ikiwa kila mkazi anaijua thamani ya kivuli, kwa nini miji midogo ya ukanda huu wa dhahabu haina miti? Jibu lililozoeleka maofisini ni kwamba wananchi hawana mwamko. Neno hili “mwamko” limetumiwa vibaya mno. Limekuwa kama blanketi la kufunikia kila jambo ambalo ofisi haikulifanyia uchunguzi. Na mkoa ambao haustahili kabisa kuambiwa neno hilo ni Shinyanga.

Kabla ya kuja kwa mkoloni Wasukuma walikuwa na ngitili. Kila mfugaji alitenga sehemu ya malisho, akaifunga wakati wa mvua, majani na miti ikaota kwa amani, kisha akaifungua kiangazi kikali kilipofika na mifugo ikapata chakula. Hapakuwa na bwana miti wala kitalu cha Serikali. Utawala wa Kiingereza ulipoingia, misitu mikubwa ya Shinyanga ilifyekwa kwa makusudi ili kuangamiza mbung’o, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Mashamba ya pamba yakafuata. Mifugo ikaongezeka juu ya ardhi ile ile.

Halafu vikaja vijiji vya miaka ya 1970. Jambo hili lisemwe bila kuzungukazunguka. Vijiji viliwaletea wananchi shule na zahanati, lakini pia viliwaondoa penye ngitili zao, na ngitili isiyo na mwenyewe haikukaa muda mrefu ikawa kuni. Mti wa wote ukawa mti wa yeyote aliye na shoka. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki ardhi tupu, na Mwalimu Nyerere, aliyeitembelea hali hiyo na kuiona, hakuificha. Ilikuwa jangwa linalokuja. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norwei na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-mseto, ICRAF.

Hapa ndipo penye somo, na linafaa kusikilizwa kwa makini na kila mtumishi aliyewahi kupokea agizo la kupanda miti. Mwanzoni HASHI ilifanya kama zifanyavyo ofisi zote: ilikuza miche katika vitalu vikubwa, ikaipakia katika magari, ikawagawia wananchi. Miche mingi ikafa. Wataalamu wangeweza kuandika ripoti kwamba wananchi hawana mwamko, na hapana shaka ripoti hiyo ingepokewa vizuri. Badala yake waliuliza, nao wakaambiwa habari za ngitili. Tangu hapo kazi ikabadilika. Vitalu vikawa vya watu binafsi, vya vikundi na vya shule. Ngitili zikarudishwa, nyingine za kaya na nyingine za kijiji. Ulinzi ukashikwa na sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande huu huu wa Kahama, na mkosaji akahukumiwa na dagashida, baraza la wenyeji wenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikishwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu yeyote. Visiki na mbegu zilikuwamo ardhini zikingoja kuachwa ziote.

Kwa hiyo mwamko ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni jibu la swali moja tu: mti huu ni wa nani?

Lakini Segese si kijiji cha wafugaji peke yao. Ni mji mdogo unaokua, na ngitili haiwezi kufungwa katikati ya soko. Kwa habari za mijini yafaa kuwatazama majirani wa Kenya. Wangari Maathai, kabla dunia haijamjua, alianzia Nairobi kwa kufikiri kama watu wengi wanavyofikiri. Mwaka 1974 alianzisha kampuni iliyokusudia kuwapa watu maskini wa mjini kazi ya kupanda miti na kutunza bustani za wenye uwezo. Kampuni haikufika mbali. Wateja hawakutaka kulipa, maji yakapungua, na miche ikakauka. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji kwa maandamano na hotuba. Mingi ya hiyo saba ilikufa pia.

Chama chake, Green Belt Movement, kilisimama pale kilipoacha kuhesabu miti iliyopandwa kikaanza kuhesabu miti inayoishi. Wanawake waliotunza vitalu walilipwa senti chache kwa kila mche, lakini malipo hayo yalitolewa baada ya mche kuonekana umeshika ardhini. Wataalamu wa misitu walisema kazi hiyo yataka watu wenye stashahada. Wanawake hao waliokota mbegu porini, wakazipanda katika makopo na vyungu vilivyovunjika, na miti yao imekwisha kupita milioni 50. Na kwa kuwa waliizoea miti kuwa yao, mwaka 1989 palipotokea mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, walikuwako watu wa kuuliza kwa ruhusa ya nani. Jengo halikujengwa. Nairobi ingali na bustani hiyo.

Turudi Segese. Hapa ugumu ni wa aina yake, wala haufai kupuuzwa. Mkazi wa mji wa machimbo mara nyingi ni mpangaji. Amekuja kwa sababu duara fulani limetoa dhahabu, naye ataondoka duara likikauka au habari zikisikika za mahali pengine. Wengine huondoka bila kupenda: mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mahali hapo. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa apande mwembe utakaozaa baada ya miaka mitano, akicheka asilaumiwe. Anajua hesabu kuliko anayemhutubia. Isitoshe, machimbo yenyewe yanakula miti. Kila duara lataka matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke juu ya watu, na kila kibanda cha chakula chataka mkaa. Kumwambia mchimbaji aache kukata matimba bila kumwonyesha yatokapo mengine ni kumwambia ashuke shimoni akafe.

Kwa sababu hiyo kikundi cha wakazi, kiwe cha kina mama wa soko, cha vijana wa bodaboda au chama cha hiari kilichosajiliwa, kikitaka kupanda miti katika mitaa ya Segese, jambo la kwanza kinalohitaji ni mkataba, na miche ije baadaye. Mti ulio mbele ya kibanda uandikwe kwa jina la mwenye kibanda, na akihama, atakayerithi kibanda arithi mti kwa malipo waliyopatana. Miti ya kando ya soko iwe mikononi mwa kikundi, na kuni za mapogoleo na matunda yawe yao. Nje ya mji kitengwe kipande cha miti ya kukua upesi kwa ajili ya matimba, kitunzwe na wachimbaji wenyewe. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kisheria wa kufanya hayo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kutenga misitu yake.

Kuna pia suala la kalenda. Agizo la Serikali kwamba kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka ni jema, na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, huheshimiwa kwa picha nyingi. Lakini mvua za Shinyanga huanza yapata Novemba. Mche uliopandwa Aprili hupata majuma machache tu ya unyevu, kisha hukabidhiwa kiangazi, mchwa na mbuzi. Na huko shuleni, walimu mnajua, likizo ya Juni huja wakati huo huo ardhi inapoanza kupasuka. Mche wa shule huwa yatima mwezi wa kwanza wa shida zake. Shule ambayo miche yake imepona, ukichunguza, utakuta mwalimu mmoja au mlinzi aliyekuwa akimwagia maji ya kunawia mikono siku za likizo, bila posho wala jina lake kutajwa katika taarifa yoyote.

Taarifa hizo zingebadilika sana kama safu ya “miti iliyopandwa” ingefuatwa na safu ya pili, “miti iliyo hai mwezi Oktoba”. Halmashauri nyingi zingepata namba ya aibu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili zingeomba miche michache zaidi, na ndoo nyingi zaidi.

Mpaka sasa Oktoba haijaingizwa katika fomu. Lakini mtendaji hahitaji fomu mpya ili aitishe mkutano wa kijiji. Akiulizwa na mpangaji wa Segese ni nani atakayechuma maembe ya mti alioupanda mbele ya kibanda cha kupanga, jibu liwe limekwisha kuandikwa na kugongwa muhuri kabla mvua za Novemba hazijaanza.